Nimepeleka mfuko wa simu wa buku nane mpaka maporomoko ya Sanje, tuna ugomvi

Haya wadau niambieni, kabla sijaongea chochote angalieni hapa. Hili beseni, haya maji ya bomba, na huu ndo ule mfuko wa simu wa kuzuia maji mnaoniuliza kila siku kwenye komenti. Ndani sijaweka simu, nimeweka tishu. Nakunja mdomo, nabana klipu, tak, tak, zote mbili mmezisikia. Nauzamisha, juu naweka jiwe. Tutaufungua mwishoni kwa hiyo usikimbie.

Mambo ya inaingia simu ya inchi ngapi, sijui rangi, yameandikwa kwenye boksi, soma mwenyewe. Mimi nina ugomvi nao kwenye kitu kimoja, ukungu.

Iko hivi, Jumamosi iliyopita tulikuwa Sanje. Kwa asiyejua ni maporomoko yaliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, maji yanashuka kwa ngazi ngazi, ukijumlisha ni kama mita 170, sasa fikiria mtu wa Dodoma aliyezoea kusubiri mgao anaona maji yote yale yanamwagika tu hakuna hata wa kukinga ndoo. Ukitokea hapa unapita Morogoro, Mikumi, Kidatu, tukalala Mang'ula, maana ukisema utoke Dodoma alfajiri urudi siku hiyo hiyo utaishia kuona mashamba ya miwa dirishani. Gari haiingii msituni, ni mguu, na unapanda na mwongozaji. Halafu malipo ni kontroli namba, usiende na keshi ukaanza kubishana getini.

Wifi yangu, huyu anayeshika kamera, alibeba hotpoti la pilau. Hotpoti, mlimani! Nikamwambia wifi si ungeweka kwenye kontena, akasema pilau ya baridi siyo pilau. Njia nzima tunamcheka, tumefika juu miguu inatetemeka, kafungua, mvuke unatoka, kila mtu kawa mpole. Tulikuwa tunaogopa wale mbega wekundu juu ya miti watashuka kutunyang'anya, kumbe wao wanakula majani, hawana habari na sisi. Na mule kuna ng'olaga pia, kima ambaye wataalamu wamekuja kumtambua mwaka 1979 tu, ila huyo sikumuona, msije mkaniuliza picha.

Eeh, mfuko. Nimefika kwenye bwawa, jasho linanitoka, natoa simu ina moto, naitia, nabana, naingia majini. Maji ya baridi kama yametoka friji. Hazijaisha sekunde kumi picha yote nyeupe. Nikapiga kelele umevuja, umevuja! Nikatoka mbio kwenye yale mawe yana utelezi nusura niache meno pale. Nafungua, simu kavu kabisa. Ila plastiki kwa ndani ina vitone vidogo vidogo kama mfuniko wa sufuria ya wali. Nimerekodi klipu kumi na moja, tisa hazifai, na wifi kwenye hizo tisa ndo alikuwa kapendeza, mpaka leo ananinunia.

Yule mwongozaji akaniangalia akasema, "Dada, hewa ya huku ina maji." Basi hapo ndo nikaelewa. Huu mfuko nyumbani niliujaribu mara tatu kwenye hili hili beseni, haukuwahi kuweka ukungu, kwa sababu hewa yetu si mnaijua, unaanika nguo saa nne, saa sita unakunja, mwezi wa saba midomo inapasuka. Kule ukifunga mfuko umefungia hewa ya msitu ndani, na joto la simu juu yake, ukizamisha kwenye maji ya baridi ule mvuke unageuka matone, tena pale pale mbele ya kamera.

Ngoja niwaonyeshe. Nilinunua mitatu, hela yangu, hakuna aliyenidhamini. Huu wa pili naufunga hivi hivi na hewa ya hapa sebuleni. Huu wa tatu naufungua mdomo juu ya chupa ya chai, moja, mbili, tatu, nne, tano, nafunga. Yote kwenye maji ya barafu. Subiri. Subiri... umeona! Wifi sogeza kamera, siyo kwangu, kwenye mfuko! Huu safi, huu umekuwa kama kioo cha daladala mvua ikinyesha. Mfuko ule ule, duka lile lile.

Kwa hiyo fungia simu ukiwa bado sehemu kavu, chumbani kabla hujatoka, kamua hewa, na utie vile vipakti vya punje vinavyokuja kwenye boksi za viatu. Ila ukikamua hewa yote hauelei, unazama kama jiwe, kamba iwe shingoni.

Kingine, skrini ndani ya maji haisikii kidole, piga picha kwa kitufe cha sauti. Na matone yakidondokea plastiki simu inajibonyeza yenyewe, yangu iligeuza kamera ikanirekodi kidevu dakika nne. Na ile alama ya kuzuia maji kwenye boksi, IPX8, ni ya kuzamisha kwenye maji yaliyotulia, maporomoko yanapiga, kwa hiyo usiende kusimama nayo chini ya maji yanayodondoka ukaja kunilaumu mimi.

Kuna wa zipu wa elfu ishirini na tano, nimeushika, zipu ngumu hiyo mpaka utumie meno. Kamera ya GoPro, ile ya kuingia nayo majini, sisemi, ile ni kodi ya nyumba. Zamani tulikuwa tunafunga simu kwenye rambo na maisha yanaenda, lakini rambo zimepigwa marufuku tangu Juni 2019. Kwa buku nane mimi naona... nilikuja hapa na hasira, lakini kwa buku nane uko poa. Ikifika elfu kumi na mbili kama yule kijana alivyotaka kunibandika nilivyorudi kununua wa tatu, hapana, mwachie.

Tumebakiza watu kama mia mbili tufike elfu tatu, bonyeza hapo chini, na video sasa ni Alhamisi, Jumapili nina kwaya.

Haya tishu. Natoa jiwe, nafuta futa, tak, tak. Kavu! Shika wifi, kavu si kavu? Sasa haya maji miguuni yametoka wapi? Wifi inua hiyo ekstensheni, kumbe beseni ndo linavuja.