Taa ya sola ya 35,000, miezi minne sasa

Jamani hii taa nimeinunua Mtwara mjini, muuzaji akaapa inakesha mpaka asubuhi, wapi! Saa nane usiku ishaanza kufifia kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Ila mwanga wake nausifu, umeme ukikata madogo wanamalizia hesabu zao na mama anachambua korosho bila kuvuta moshi. Kero ni tundu la kuchajia simu, huku Mikindani chumvi ya bahari ishalitia kutu, mpaka nilisugue na mswaki wa zamani ndo linashika. Halafu gesi ya Mnazi Bay, ile ya kuzalishia umeme, si inatoka hukuhuku kwetu Mtwara, mi nipo hapa nasugua tundu la sola, haya bwana. Waranti nimeiulizia, naambiwa ilikuwa ya mdomo tu. Nyota tatu.