Uzoefu wangu: miaka miwili ya kusoma machapisho ya CODESRIA nikiwa Moshi

Naandika haya kwa mwanafunzi aliye pale nilipokuwa mimi: mada anayo, msimamizi anaye, hela hana.

Tasnifu yangu ya uzamili inahusu vyama vya msingi vya kahawa baada ya soko kufunguliwa. Msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa, na nikiwa mtoto niliyaona magari yao yakipanda Kibosho na mizani nyuma. Baba aliwauzia, maana walilipa papo hapo, ilhali chama kililipa kwa awamu. Lakini mrututu, dawa ya kukinga mibuni na magonjwa, aliokuwa akikopeshwa kupitia chama ukawa wa kununua dukani kwa fedha taslimu. Kihambani kwetu mibuni ilianza kung'olewa. Nilitaka kuelewa nani aliamua hivyo, na kwa hoja gani.

Nilianza vibaya. Jarida moja la nje lilinitaka dola 40 kwa makala moja, tena nisome ndani ya siku moja tu. Msimamizi wangu ndiye aliyeniuliza, "Dakar umetafuta?"

Dakar ndiko makao ya CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii barani Afrika, lililoanzishwa mwaka 1973. Samir Amin, mchumi kutoka Misri, alikuwa Katibu Mtendaji wa kwanza. Baada yake akaja Abdalla Bujra, mtu wa Lamu, jambo lililonifurahisha sana nilipoligundua, kwa kuwa nilidhani ni taasisi ya wanaozungumza Kifaransa peke yao. Waanzilishi walikuwa na jambo moja kichwani: maswali kuhusu Afrika yaulizwe na Waafrika, yajibiwe na Waafrika, na mtafiti wa Dar es Salaam ajue anachofanya mwenzake wa Accra bila kupitia London au Paris. Jarida lao, Africa Development, linatoka tangu mwaka 1976. Mwanzoni jina la baraza lilitaja utafiti wa uchumi na jamii, baadaye likabadilishwa kuwa sayansi za jamii kwa ujumla, ila kifupisho kikabaki kilekile.

Kwangu mimi, utamu ulianzia miaka ya 1980. Thandika Mkandawire wa Malawi, aliyewahi kuishi uhamishoni Sweden, alishika ukatibu mwaka 1986. Mwaka huohuo Tanzania ilitia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Wakati serikali zetu zikipunguza watumishi na kuondoa ruzuku, vyuo vikuu navyo vikikauka fedha, watu hawa walikuwa wakikusanya watafiti wa nchi mbalimbali kuandika kile ambacho hatua hizo, zilizoitwa marekebisho ya uchumi, zilikuwa zikifanya. Novemba 1990 wakakutana Kampala, likatoka Azimio kuhusu uhuru wa kitaaluma na wajibu wa msomi kwa jamii yake. Ile sehemu ya wajibu naipenda kuliko ya uhuru, kwa sababu wangeweza kudai haki zao tu wakaishia hapo.

Mwaka 1999 Mkandawire na Charles Soludo wa Nigeria walitoa kitabu kuhusu marekebisho hayo kwa jicho la Waafrika. Nilikipakua usiku kwa bando la ofa, nikachapisha kurasa zilizonihusu pale steshenari karibu na stendi, nikapanda nazo nyumbani Jumamosi. Wanaonyesha jinsi mageuzi yaliyokusudiwa kufufua uchumi yalivyoipunguzia serikali uwezo wa kufanya kazi ambazo soko peke yake halizifanyi. Nilimsomea baba, nikimfasiria aya kwa aya.

"Walioandika ni Wazungu?"

"Hapana baba. Mmoja wa Malawi, mwingine wa Nigeria."

Akanyamaza kidogo. "Na huko kwao walilima kahawa?"

Swali hilo limo kwenye tasnifu yangu sasa, maana lilinifanya nilinganishe mazao badala ya kung'ang'ania kahawa ya Kilimanjaro tu.

Kuhusu matumizi yenyewe: machapisho mengi yanapakuliwa bure, vitabu vizima pamoja na matoleo ya jarida. Ukianza, anzia kwenye jarida. Makala moja ina kurasa 20 au 30, unaimaliza kwa jioni moja, na orodha ya marejeo mwishoni inakupeleka kwingine. Soma na Issa Shivji, msomi wa sheria wa Tanzania, ambaye kitabu chake kuhusu haki za binadamu kilitolewa na CODESRIA mwaka 1989. Wamewahi pia kutoa ruzuku ndogo za kuandika tasnifu. Mimi sikuomba, lakini wewe fuatilia matangazo yao.

Nyota natoa tano. Ningetoa tano hata kama kingekuwa kile kitabu kimoja tu.

Kazi wanayoifanya inatoka kwa Kiingereza, Kifaransa, Kireno na Kiarabu, na yote niliyosoma mimi ni ya Kiingereza. Kwa hiyo nimeanza kuandika muhtasari wa Kiswahili kwa ajili ya wanachama wa chama chetu cha msingi, kurasa kumi hivi, wausome kabla ya mkutano mkuu. Nimekwama kwenye neno moja. Vitabuni tunaandika "marekebisho ya uchumi". Nilipomsomea baba akanikatisha: "Hapa hakuna aliyeita marekebisho, mwanangu. Tuliita soko huria." Nimefuta, nimeandika la kwake.