Mashine ya kupima sukari nyumbani: uzoefu wangu na namba za baada ya kula

Niliinunua baada ya kupimwa na sukari yangu kuonekana iko juu kidogo. Daktari alitaka nifuatilie kabla ya kula na baada ya kula.

Kuitumia ni rahisi. Unachomeka kijiti, unatoboa ubavu wa ncha ya kidole (pale katikati panauma zaidi), unaweka tone la damu, na namba inatokea baada ya sekunde chache. Kazi ni kuielewa hiyo namba.

Sukari ya kila mtu hupanda akishakula, hata mzima wa afya. Kwa hiyo namba isiyo na saa haikwambii kitu. Nilielekezwa nihesabu saa mbili tangu tonge la kwanza, si tangu kumaliza kula. Kwa asiye na kisukari, kwa kawaida muda huo ukifika sukari huwa imeshuka chini ya 7.8 mmol/L. Mashine inayosoma kwa mg/dL itaonyesha 140. Ukigawanya kwa 18 unapata ileile.

Nilipoona 9.1 kwa mara ya kwanza niliogopa sana. Daktari akanieleza kwamba namba moja ya nyumbani haimpi mtu ugonjwa. Ile 11.1 inayotajwa kila mahali kuwa mpaka wa kisukari ni ya kipimo cha maabara, saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi. Njia nyingine ni sukari ya asubuhi kabla ya kula chochote, kuanzia 7.0, au HbA1c (kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita) kuanzia asilimia 6.5, na asiye na dalili hurudiwa kipimo kabla ya kuambiwa ana kisukari. Ila mwenye kiu isiyokatika, anayekojoa mara kwa mara na kukonda bila sababu, asikae nyumbani akijipima. Aende hospitali leo.

Usahihi wake unatosha kwa ufuatiliaji tu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinaruhusu tofauti ya asilimia 15 sukari ikiwa 5.6 au zaidi, kwa hiyo 8.0 ya kweli inaweza kusomeka 6.8 au 9.2. Sibabaiki tena na tofauti ya 7.6 na 8.1. Mikono nayo inanawiwa kwa sabuni na kukaushwa, maana ukitoka kumenya tunda, sukari iliyobaki kidoleni inapandisha namba.

Ninacholalamikia ni vijiti. Vinaisha haraka, vya mashine nyingine haviingii, na unyevu unaviharibu kopo likiachwa wazi.

Pamoja na hayo, ningeinunua tena. Faida nimeiona nilipoanza kupima kwa jozi, kabla ya mlo na saa mbili baadaye, nikiandika na nilichokula. Mlo uleule, nikipunguza wanga na kutembea kidogo baada ya kula, ulinipandisha sukari kwa zaidi kidogo ya nusu ya ulivyokuwa ukinipandisha mwanzo. HbA1c yangu imesomeka asilimia 5.9, hatua ya kabla ya kisukari, na daftari hilo ndilo daktari analoanza nalo kila nikirudi kliniki.