Uzoefu wangu: maikrofoni mbili za kurekodia gitaa kavu nyumbani, na waya mmoja ulionitesa

Maikrofoni hizi ni nzuri, na ningependa niishie hapo, kwa sababu sauti ya gitaa kavu ninayoipata sasa chumbani kwangu sijawahi kuipata popote. Hata hivyo, siwezi kuzisifu bila kueleza nilivyotendewa katika duka la vifaa vya muziki la Kariakoo lililoniuzia, ambako nililipia jozi nzima pamoja na stendi mbili na nyaya mbili za XLR (nyaya za maikrofoni zenye vichwa vya pini tatu) zilizolehemiwa na fundi wao palepale.

Nilizipanga kwa uangalifu. Ya kwanza niliielekeza kwenye freti ya 12 (kile kijiti cha chuma cha kumi na mbili kwenye shingo ya gitaa), umbali wa sentimita 30 hivi, nikaiepusha na tundu la gitaa, maana hapo besi huvuma mpaka ikafunika kila kitu; ya pili niliiweka upande wa daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa, na umbali wake nikaulinganisha na wa kwanza kwa kipande cha uzi, ili sauti izifikie zote kwa wakati mmoja. Nilizima feni, nikatundika blanketi ukutani, nikangoja usiku bodaboda zipungue.

Nikisikiliza maikrofoni moja moja, gitaa lilikuwa gitaa. Nikizifungua zote mbili, sauti za nyuzi nene zilitoweka, ikabaki sauti nyembamba isiyo na kiini, na nilipoisikiliza kwenye simu yangu yenye spika moja, gitaa lilikuwa karibu limekwisha kabisa. Kwa wiki mbili, labda tatu, nilijilaumu. Nilisogeza stendi upana wa kidole kwa kidole, nikabadili nyuzi za gitaa, nikasimamisha godoro la wageni nyuma ya kiti changu.

Mwishowe nilirudi dukani na kompyuta yenye rekodi zote. Muuzaji hakuvaa hata hedifoni. Alisema gitaa langu ni bovu, kisha, mbele ya wateja wengine, akaongeza: “Dada, mwambie shemeji aje mwenyewe, tutaelewana naye.” Nyumbani kwangu hakuna shemeji anayepiga gitaa. Ninayepiga ni mimi, na nimelipiga kanisani tangu nikiwa binti mdogo. Nilipomwomba anipimie zile nyaya, alinyoosha kidole kwenye maandishi ya chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Usiku uleule, nikiwa bado na hasira, nilibonyeza kwenye programu kile kitufe chenye duara lililokatwa kwa mstari, kinachogeuza fezi ya maikrofoni moja, yaani kulipindua wimbi lake la sauti juu chini, na besi ikarudi yote kwa mkupuo. Nikabadilishana nyaya kati ya maikrofoni hizo mbili. Kasoro ikaufuata waya. Fundi redio wa mtaani kwetu alifungua kichwa cha waya huo mbele yangu, nikaona kwa macho yangu: waya wa pini ya 2 umelehemiwa kwenye ya 3, na wa 3 kwenye ya 2. Kwa kuwa umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundi kadi (kifaa kinachoingiza sauti ya maikrofoni kwenye kompyuta) hupita kwa usawa katika pini zote mbili hizo, maikrofoni iliwaka na kufanya kazi kama kawaida. Ila moja ilipovuta, nyingine ilisukuma, na sauti zikafutana. Fundi yule alimaliza kazi kabla chai yake haijapoa, na aliniita “mama” kwa heshima muda wote.

Nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba mtu anunue maikrofoni hizi hapohapo ila atafute nyaya kwingine, na kwa upande wa vifaa peke yake bado naliona ni shauri jema, kwani kwa fedha niliyolipa sidhani ningepata jozi bora zaidi. Lakini kila nikisikiliza rekodi za wiki zile, zilizojaa nyimbo nilizozipiga vizuri na sasa inanibidi nizigeuze fezi moja baada ya nyingine, nasikia tena lile neno la shemeji, na siwezi kumwelekeza mwanamke yeyote mwenye gitaa kwenye kaunta ile. Mita ya kupimia nyaya ilikuwa juu ya meza, karibu na mkono wa muuzaji yule.