Siku tano ndani ya kapu: uzoefu wangu na menilifti ya kukodi, JLG 450AJ

Mwezi wa saba nilipata kazi ya kupaka rangi na kubadilisha mifereji ya maji ya mvua kwenye ghala moja pembeni ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Ukuta una mita 12 na ushee kwenda juu. Miaka yote kazi za namna hii nimezifanya kwa kufunga mirunda, lakini mwenye ghala hakutaka kuiona kwa sababu malori yanaingia na kutoka kutwa nzima. Nikakodi menilifti, yaani mashine ya magurudumu inayomwinua mtu ndani ya kapu, ya mkono wa kujikunja, JLG 450AJ, kwa siku tano.

Sakafu ya kapu lake inafika mita 13.7 kutoka chini, mkono unapinda katikati na kuvuka vizuizi, na mashine nzima ina uzito unaozidi tani 6. Huo uzito ukae kichwani, nitaurudia.

Nilishaendesha sisa lifti, ile ya vyuma vinavyofunguka kama mkasi, miaka mitatu nilipokuwa Muscat, kwa hiyo nilikataa kukodi pamoja na dereva. Kampuni, ambayo jina naliacha, ilikubali kwa sharti la kukaa kwanza na mwalimu wao asubuhi nzima. Hilo ndilo jambo bora kuliko yote niliyolipia. Sisa lifti hupanda na kushuka wima, na unapotazama mbele ndiko mashine inakoelekea. Hii ya mkono inazunguka. Unaweza kuwa umetazama ukuta huku magurudumu ya mbele yako mgongoni kwako.

Mwalimu, mzee mtulivu sana, alinipandisha kapuni, akazungusha mkono hadi nyuma kabisa, kisha akaniuliza, "Kijana, ukisukuma joistiki mbele tutakwenda wapi?" Joistiki ni kile kijiti cha kuendeshea. Nikamjibu, "Mbele, mzee." Akaniambia niangalie chini. Kwenye chasisi kuna mishale, mweupe na mweusi, na kwenye meza ya vidhibiti imebandikwa mishale ya rangi hizo hizo. Kapu likishapita magurudumu ya nyuma, mbele na nyuma vinabadilishana, hata kulia na kushoto kwa usukani. Ukitaka kuendesha, taa inawaka na mashine inagoma. Unabonyeza kitufe maalumu, kisha una sekunde 3 za kuanza kusogeza joistiki. Wengine hukibonyeza kwa mazoea ili kazi iendelee. Mzee alinizuia kukigusa kabla sijautaja mshale kwa sauti. "Mweupe uko wapi?" Siku ya pili nilikuwa najiuliza mwenyewe bila kuambiwa.

Usukani ni swichi ndogo juu ya joistiki, unaibonyeza kwa kidole gumba. Tofauti na gari, magurudumu hayarudi yenyewe kunyooka. Ukiyakatisha kulia ukaachia swichi, yanabaki kulia, nawe uko juu huyaoni. Kwa hiyo kila nilipoanza safari nilisogea kama shubiri moja, nikasimama, nikamsikiliza msaidizi wangu aliye chini aniambie tairi zinaelekea wapi. Mkono ukiwa umenyooshwa, tairi ikigeuka kidogo tu kapu linafagia mita nzima hewani, na mtikisiko unafika kwako ukiwa umechelewa. Usiusahihishe kwa pupa. Achia, subiri kapu litulie, halafu endelea.

Pedali ya mguu nayo niieleze wazi, maana niliwahi kumsikia fundi akisema mashine imekufa kumbe ni mzima. Bila kuikanyaga, hakuna kitu kinachotembea. Ukiikanyaga sekunde 7 bila kugusa chochote, vidhibiti vinajizima, inabidi uachie na kukanyaga upya. Msiifunge kwa mpira wala kuiwekea jiwe. Nawaomba kwa dhati.

Sasa ule uzito. Ua wa ghala una pevingi, na chini yake kuna chemba za maji taka. Jioni kabla mashine haijashushwa kutoka kwenye lobedi, lile trela la chini la kubebea mitambo, nilitembea njia yote kwa miguu na mlinzi wa siku nyingi, tukapiga rangi nyekundu kila mfuniko. Mitatu ilikuwa imefunikwa na mchanga, haionekani kabisa. Tani 6 juu ya mfuniko wa chemba, na wewe uko mita 10 juu, tairi ikizama sentimita chache tu mkono unakurusha kama manati. Ndiyo maana unavaa mkanda wa mwili mzima, kamba fupi, imefungwa kwenye pete ya ndani ya kapu. Usiifunge kwenye bati wala nguzo ya jengo, kwa sababu mashine ikisogea utavutwa nje. Na safari ndefu niliziendesha mkono ukiwa umelala. Ukiuinua, mashine yenyewe inapunguza mwendo, lakini haijui kilicho chini ya pevingi.

Upepo wa kusi uliniharibia mchana mbili. Kikomo cha mashine hii ni mita 12.5 kwa sekunde, sawa na kilomita 45 kwa saa. Asubuhi palikuwa shwari, ikifika saa nane mchana kipimo changu cha mkononi kinapanda haraka. Nilishuka kabla ya kikomo, hasa tukiwa na vipande virefu vya mfereji kapuni, maana vinashika upepo kama tanga. Upande wa barabarani inapita laini ya kilovolti 33. Kitabu cha mwendeshaji wa mashine kinataka angalau mita 3 kwa umeme usiozidi kilovolti 50. Mimi nilijiwekea 6, kwa sababu kapu linayumba. Sehemu iliyobaki niliimalizia kwa ngazi kutoka ndani ya dari.

Malalamiko ninayo mawili kwa kampuni. Siku ya kwanza honi haikulia. Walisema nianze tu, fundi atakuja mchana. Nilikataa kupanda, kwa kuwa katika ua wenye malori honi ndiyo sauti yangu, na saa tatu nzima zikapotea. La pili, kisanduku cha kapuni kilikuwa kitupu, kitabu cha mwendeshaji hakimo. Walikileta jioni, cha Kiingereza. Msaidizi wangu hasomi Kiingereza, na yeye ndiye angenishusha kwa vidhibiti vya chini kama ningezimia au injini ingegoma. Ikabidi nimfundishe mwenyewe, tukafanya zoezi mara nne: geuza ufunguo, washa pampu ya dharura, laza mkono. Mara ya nne hakuniangalia usoni hata mara moja, mikono yake ilikuwa inajua.

Bei siiandiki, inategemea siku na umbali, ila ulizeni mapema kama lobedi imo ndani yake. Kwangu haikuwemo.

Mwezi ujao nina ghala jingine Tabata. Nimeomba mashine ileile, na nimeomba msaidizi wangu naye akae na yule mzee asubuhi nzima, kwa gharama yangu.