Hedi Ipi Uinunulie Ford V8 ya Zamani Ukiwa Nakuru au Kisumu

Katika Ford V8 ya mwaka 1932 hadi 1953, valvu zimekaa ubavuni mwa silinda, ndani ya bloku, na hedi ni kifuniko chenye chumba cha kuchomea mafuta, tundu la plagi na njia za maji. Kwa sababu hiyo mnunuzi asivutwe na tarakimu ya mgandamizo (mara ngapi hewa na mafuta hubanwa ndani ya silinda) peke yake. Chumba kikipunguzwa mno ili mgandamizo upande, upenyo unaopitisha hewa kutoka kwenye valvu hadi juu ya pistoni hubanwa, na gari lililokuwa jepesi mjini hukosa pumzi likifika mlima wa kwenda Mau Summit.

Mwinuko nao una lake la kusema. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni takriban asilimia 80 ya lile la pwani, hivyo injini ya mwaka 1949 iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 100 huambulia kama 80. Kupandisha mgandamizo kutoka 6.8 hadi 8 hurudisha farasi wanne hivi. Anayetarajia ishirini ataudhika. Hata hivyo hewa hiyo nyepesi hupunguza kugonga kwa injini, na mgandamizo unaovumilika Nakuru unaweza kuleta kelele katika joto la mchana Kisumu, mita 1,130 hivi, iwapo taimingi (wakati wa plagi kuwasha mafuta) haikurekebishwa.

Nafasi ya kwanza naipa hedi mpya ya aluminiamu yenye mgandamizo kati ya 7.5 na 8, mfano wa zile za Edelbrock au Offenhauser, kwa kuwa aluminiamu huondoa joto upesi kuliko chuma. Ni ghali, na ushuru huongeza machungu. Kabla ya kuagiza, hesabu stadi (vijiti vya kufungia hedi), kwani injini za mwanzo zina 21 kila upande na za baadaye 24, kisha tazama maji yanapotokea: kuanzia 1949 ni mbele ya hedi, si katikati.

Ya pili ni hedi yako mwenyewe ya chuma, ikisagwa uso kidogo na fundi mwenye mashine. Kwa mwenye mfuko mwembamba hii ndiyo ya kwanza, mradi apime kabla ya kufunga. Mimi hubandika udongo laini juu ya pistoni na valvu, nikafunga hedi pamoja na gasketi kuukuu, nikazungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, kisha nikaukata udongo kwa wembe na kuupima unene. Juu ya pistoni nataka milimita 1.2, safari moja niliukuta umetoboka juu ya valvu ya ekzosi, yaani valvu ilikuwa ikigusa hedi, na hedi ikarudi kwa fundi.

Ya tatu ni ya aluminiamu iliyotumika. Niliwahi kuuziwa moja iliyopakwa rangi nzuri, nikakwaruza kwa ukucha karibu na tundu la maji, gundi ikabanduka na shimo lililolika likaonekana. Maji ya kisima yasiyo na kulanti (dawa ya rejeta inayozuia kutu) ndiyo hufanya hivyo.

Za mgandamizo wa 9 na kuendelea ni za mashindano, ziache.

Hedi ya aluminiamu ikazwe injini ikiwa baridi, kwa washa (ringi bapa) ngumu chini ya kila nati, na nati zirudiwe baada ya injini kupata moto na kupoa kabisa.