Taa za Baiskeli za Kuchaji: Miezi Sita Kati ya Mtwara Mjini na Mikindani

Tangu Septemba natumia jozi ya taa za kuchaji, nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma, niliyoinunua kwa shilingi 28,000 katika duka la vipuri karibu na soko kuu la Mtwara. Natoka kazini jua likizama, na barabara ya Mikindani, mwendo wa kilomita 10 hivi, hupita malori ya saruji na, msimu ukifika, ya korosho.

Boksi linadai kwamba taa ya mbele hutoa lumeni 1,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) kwa saa 6. Betri iliyomo ni ya miliampea-saa 1,200 na volti 3.7, yaani nishati yake haifiki wati-saa 5 (wati 5 kwa saa moja), na kwa kuwa taa nzuri ya LED hutoa takribani lumeni 100 kwa kila wati, mwanga huo unahitaji wati 10 hivi na ungeimaliza betri kabla ya nusu saa. Ndivyo ilivyokuwa: nikiiwasha kwa nguvu zote hufifia kabla sijaiona ghuba ya Mikindani, kwa hiyo naitumia kwa mwanga wa kati. Isitoshe, mwanga wake ni wa duara kama wa tochi, nao ulikuwa ukimchoma macho dereva wa bajaji anayekuja mbele yangu, mpaka nilipoiinamisha ukaangukia mita chache mbele ya tairi.

Ya nyuma ndiyo iliyoniridhisha, na kwangu ndiyo yenye uzito zaidi, maana lori linalonijia kwa nyuma silioni. Mwanzoni niliifunga chini ya kiti, nikaja kugundua kwamba kiroba cha mihogo kwenye keria kilikuwa kinaifunika yote. Sasa iko mwishoni mwa keria. Magharibi naiacha imetamete ili ionekane upesi, lakini giza likishaingia naiwasha bila kumetameta, kwani dereva hukadiria umbali vizuri zaidi kwa taa iliyotulia. Rifleta, kile kipande kinachorudisha mwanga wa taa za magari, sikuiondoa, kwa sababu yenyewe haihitaji chaji.

Chumvi ya bahari haina huruma. Kifuniko cha mpira cha tundu la kuchajia kililegea, na baada ya mvua za Januari nilikuta kutu ya kijani ndani ya taa ya mbele.

Nilirudi dukani kuomba taa ya nyuma peke yake, niwe na ya akiba. Muuzaji akanijibu, "Kaka, hizi tunauza kwa jozi."